Kulala Ndani au Nje ya Bustani: Mwongozo wa Kulinganisha Gharama za Malazi Walt Disney World, Orlando

Familia nyingi zinazopanga safari ya Walt Disney World, eneo la bustani za burudani na hoteli huko Orlando, Florida, ziwe zinatoka Minneapolis, Toronto, Nairobi au Dar es Salaam, huanza hesabu zao kwa kuuliza bei ya chumba kwa usiku mmoja. Wakiona chumba cha hoteli ya Disney kinauzwa dola 190 na kingine cha kando ya barabara ya 192 huko Kissimmee kinauzwa dola 105, uamuzi hutolewa papo hapo, kumbe tofauti ile inaweza kumezwa yote na gari la kukodi, maegesho na ada ambazo hazikutajwa mwanzoni. Jambo hili linawahusu zaidi wale wanaodunduliza kwa mwaka mzima ili watoto wafurahie siku nne au tano, na kwa sababu hiyo linastahili hesabu ya makini. Kinachopaswa kulinganishwa ni jumla ya fedha zote zitakazotoka mfukoni tangu mnaposhuka uwanja wa ndege hadi mnaporudi hapo, pamoja na saa mtakazozipoteza au kuziokoa njiani.

Bei za vyumba, magari na vyakula nitakazotumia ni za mfano tu, ili njia ya kukokotoa ionekane. Unapoifuata, weka bei ulizozipata mwenyewe kwa tarehe zako.

Hatua ya kwanza: ondoa gharama zisizobadilika

Nauli ya ndege, ada ya viza na tiketi za kuingilia bustanini ni zile zile, ulale ndani, yaani katika hoteli za Disney, au nje. Tangu Oktoba 2018 bei ya tiketi za Walt Disney World hutegemea tarehe ya kuingia. Mtoto ambaye hajatimiza miaka 3 halipiwi, na bei ya mtoto hutumika kuanzia miaka 3 hadi 9. Andika gharama hizi kwenye karatasi nyingine. Zikichanganywa na malazi hufanya jumla zote mbili ziwe kubwa kiasi kwamba tofauti ya dola 300 huonekana haina uzito, ilhali dola 300 ni chakula cha siku kadhaa.

Hatua ya pili: hesabu watu kabla ya kuhesabu vyumba

Hapa ndipo familia zetu hutofautiana na zile zinazolengwa na matangazo. Chumba cha kawaida katika hoteli za ngazi ya chini za Disney, yaani All-Star Movies, All-Star Music, All-Star Sports na Pop Century, hupokea watu 4, na pamoja nao mtoto mmoja wa chini ya miaka 3 anayelala kwenye kitanda chake kidogo. Port Orleans Riverside, ambayo ni ya ngazi ya kati, ina vyumba vinavyopokea watu 5, na vyumba vya familia vya All-Star Music na Art of Animation hupokea 6. Mazoea ya kutandika godoro sakafuni ili binamu naye apate pa kulala hayafai hapa, kwa kuwa kila jina huandikwa wakati wa kuweka nafasi na idadi ya juu haivukwi.

Kwa hiyo baba, mama na watoto wawili wana chaguo halisi kati ya ndani na nje. Bibi akiongezeka pamoja na watoto wengine wawili, familia hiyo hiyo italazimika kuchukua vyumba viwili ndani, wakati nje, hasa Kissimmee na Davenport, kuna nyumba za kupanga zenye vyumba vitatu hadi vitano vya kulala, jiko kamili na mara nyingi bwawa la kuogelea uani.

Hatua ya tatu: tafuta bei kamili ya malazi

Bei inayoonekana kwanza si bei utakayolipa. Katika Kaunti ya Orange, ambamo zimo hoteli nyingi za Disney, kodi ya mauzo na kodi ya utalii kwa pamoja ni asilimia 12.5 ya bei ya chumba. Katika Kaunti ya Osceola, inakoangukia Kissimmee, ni asilimia 13.5, na hoteli tatu za All-Star nazo hutozwa kiwango hicho.

Baada ya kodi, angalia ada ya lazima ambayo hoteli nyingi za nje hutoza kila usiku kwa ajili ya intaneti, bwawa na huduma nyinginezo, na ambayo kwenye risiti huandikwa resort fee. Kanuni ya Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani iliyoanza kutumika tarehe 12 Mei 2025 inawataka wenye malazi waonyeshe bei ambayo tayari imejumuisha ada zote za lazima. Hata hivyo, kodi za serikali zinaweza kuongezwa baadaye, na maegesho ya hotelini, kwa kuwa si ya lazima kwa kila mgeni, yanaweza kubaki nje ya bei hiyo. Mwenye gari hana budi kuyauliza. Hoteli za Disney zenyewe hazitozi ada ya aina hiyo, na maegesho ya usiku kwa wageni wake yamekuwa bure tangu Januari 2023, baada ya kutozwa kuanzia 2018.

Nyumba za kupanga zina tabia yake. Kuna ada ya usafi ambayo hulipwa mara moja kwa safari nzima, ada ya tovuti unayotumia kuweka nafasi, na katika miezi ya baridi mara nyingi kuna malipo ya kila siku ya kupasha moto maji ya bwawa. Kwa kuwa ada ya usafi haiongezeki kwa idadi ya siku, nyumba huwa ghali kwa usiku mbili na nafuu kwa usiku saba. Gawanya jumla yote kwa idadi ya usiku ndipo upate bei yake halisi.

Hatua ya nne: piga hesabu ya usafiri kwa umakini kuliko kitu kingine chochote

Kwa maoni yangu, hapa ndipo uamuzi mwingi hugeukia, na ndipo hesabu nyingi huachwa hewani.

Anza na uwanja wa ndege. Hadi mwanzoni mwa 2022 Disney ilikuwa na basi la bure lililowachukua wageni wake kutoka uwanja wa ndege wa Orlando, na bado wapo wanaopanga safari kwa kutegemea simulizi za ndugu waliolipanda. Basi hilo halipo tena. Mgeni wa ndani sasa hulipia basi la kampuni binafsi, teksi au gari la mtandaoni kama Uber kwa umbali wa takriban kilomita 30, na gharama hiyo lazima iandikwe, kwenda na kurudi.

Akishafika, hata hivyo, mgeni wa ndani hahitaji gari. Eneo zima la Walt Disney World lina ukubwa unaokaribia kilomita za mraba 100, na mabasi, boti, treni ya reli moja na, tangu Septemba 2019, vibanda vya kebo vya Skyliner humsafirisha bila malipo. Hoteli za Pop Century na Art of Animation zina kituo chao cha Skyliner cha kwenda bustani za Epcot na Hollywood Studios, jambo linalozifanya ziwe na thamani kuliko bei yake inavyoonyesha. Na mgeni wa hoteli za Disney akiwa na gari lake, maegesho ya bustanini hayamgharimu kitu.

Mgeni wa nje anayekuja na gari alikuwa akilipa dola 30 kwa siku mwaka 2024 kwa gari la kawaida. Malipo hayo hutumika katika bustani zote nne kwa siku hiyo, hivyo usilipe mara mbili ukihama mchana. Ongeza kodi ya gari la kukodi, bima, petroli, na barabara za kulipia, ambazo ni nyingi kuzunguka Orlando. Kampuni za kukodisha magari mara nyingi hutoza ada ya kila siku kwa kifaa cha kulipia barabara, juu ya ushuru wenyewe. Mamlaka ya barabara za eneo hilo hutoa bila malipo, pale uwanja wa ndege, kadi ya wageni ya kulipia ushuru wa barabara, inayotundikwa kwenye kioo cha gari. Mtu hujisajili kwa simu kabla ya safari, huichukua akishuka, na huirudisha kwenye kisanduku akiondoka. Ni jambo dogo, lakini huondoa malipo ambayo hugunduliwa wiki mbili baadaye kwenye taarifa ya benki.

Kisha kuna muda. Anayeendesha gari kwenda bustani ya Magic Kingdom haegeshi langoni. Anaegesha katika kituo kikuu cha usafiri kilicho ng'ambo ya ziwa, anatembea au kupanda tramu hadi kituoni, kisha anachagua kati ya kivuko na treni ya reli moja ndipo afike kwenye lango lenyewe. Teksi za mtandaoni nazo humshusha mtu kituo hicho hicho. Basi la hoteli ya Disney, kinyume chake, humshusha abiria hatua chache kutoka langoni. Mama mwenye kitoto mgongoni, kigari cha kusukuma na mkoba wa chakula ataiona tofauti hiyo asubuhi, na ataiona mara mbili usiku wakati umati wote unaondoka kwa pamoja baada ya fataki. Katika bustani nyingine tatu tofauti si kubwa, kwa kuwa maegesho yako mbele ya lango.

Hoteli ya nje ikitangaza basi la bure, uliza kabla ya kulipa: linaondoka saa ngapi asubuhi, linarudi mara ngapi jioni, na je, nafasi huwekwa mapema? Basi linaloondoka mara mbili tu kwa siku na kupitia hoteli nyingine njiani litakulazimisha kukodi teksi siku ya kwanza mtoto atakapochoka saa nane mchana.

Hatua ya tano: chakula

Katika hesabu hii nje huwa na nguvu. Vyumba vya kawaida vya hoteli za ngazi ya chini za Disney vina friji ndogo lakini havina jiko, na kifungua kinywa hulipiwa. Hoteli nyingi za nje hujumuisha kifungua kinywa katika bei, na nyumba ya kupanga hukuwezesha kupika wali, maharage na mchuzi kwa watu saba kwa bei ya sahani mbili za bustanini. Ulale popote, kumbuka kwamba Disney huruhusu wageni kuingia bustanini na chakula chao, mradi hakuna pombe wala vyombo vya glasi, na kwamba migahawa ya kaunta hutoa maji ya barafu bila malipo kwa anayeomba. Kwa joto la Florida, hilo la maji pekee huokoa fedha nyingi.

Hatua ya sita: ipe bei faida ya muda

Wageni wote wa hoteli za Disney huruhusiwa kuingia katika bustani yoyote kati ya nne dakika 30 kabla ya muda rasmi, kila siku. Wageni wa hoteli za ngazi ya juu huongezewa saa za jioni katika siku teule. Vilevile, tangu Julai 2024, huduma ya kulipia ya kuruka foleni iitwayo Lightning Lane inaweza kuwekewa nafasi siku 7 kabla ya kuwasili kwa mgeni wa ndani, naye huweka nafasi za ukaaji wake wote kwa pamoja, wakati mgeni wa nje husubiri hadi siku 3 kabla ya kila siku ya kuingia. Mwaka 2025 Disney iliongeza pia kiingilio cha bure cha bustani ya maji siku ya kufika hotelini.

Faida hizi zina thamani kwa anayezitumia tu. Familia ambayo haitoki kitandani kabla ya saa tatu asubuhi isizihesabu hata kwa senti moja. Familia inayoamka mapema, yenye watoto wanaopenda michezo ya foleni ndefu, inaweza kupata katika dakika 30 hizo kile ambacho baadaye kingewagharimu saa nzima juani. Mimi ningeongeza jambo ambalo halimo katika matangazo: uwezo wa kurudi chumbani mchana. Kuanzia Juni hadi Septemba mvua za radi hunyesha alasiri karibu kila siku, na mtoto wa miaka minne aliyelala kwa muda wa saa mbili mchana ni mtoto mwingine kabisa jioni. Aliye ndani anaweza kwenda na kurudi bila kupoteza nusu ya siku.

Hatua ya saba: jumlisha

Chukua familia ya watu 4 wanaofika kwa ndege, wanaolala usiku 5 na kuingia bustanini siku 4. Ndani, chumba cha All-Star cha dola 190 kwa usiku ni dola 950; kodi ya asilimia 13.5 ni dola 128.25, usafiri wa uwanja wa ndege kwenda na kurudi ni dola 90. Jumla ni dola 1,168.25.

Nje, katika Kaunti ya Orange, chumba cha dola 105 kwa usiku ni dola 525; ada ya hoteli ya dola 25 kwa usiku ni dola 125; kodi ya asilimia 12.5 juu ya hizo mbili ni dola 81.25, maegesho ya hoteli ya dola 15 kwa usiku ni dola 75, gari la kukodi kwa dola 60 kwa siku ni dola 300, petroli dola 30, maegesho ya bustani siku 4 ni dola 120. Jumla ni dola 1,256.25.

Chumba kilichoonekana nafuu kwa dola 85 kila usiku kimeishia kuwa ghali kwa dola 88. Ukikiondolea thamani ya kifungua kinywa cha bure, tuseme dola 160 kwa familia nzima, nje kunakuwa nafuu kwa dola 72, na hapo kila mmoja ajiulize kama dola 72 zinatosha kulipia zile dakika za asubuhi na safari za kwenda Magic Kingdom.

Sasa badilisha jambo moja: familia hiyo inakuja na gari lake kutoka Atlanta. Ndani, zile dola 90 za uwanja wa ndege zinaondoka na jumla inakuwa dola 1,078.25. Nje, dola 300 za kukodi gari zinaondoka na jumla inashuka hadi dola 956.25. Nje kunashinda wazi, hata kabla ya kifungua kinywa.

Kwa familia ya watu 7 inayofika kwa ndege, vyumba viwili ndani pamoja na kodi ni dola 2,156.50, na gari kubwa la uwanja wa ndege kwa dola 150 huifanya jumla iwe dola 2,306.50. Nyumba ya Kissimmee ya dola 170 kwa usiku, ada ya usafi dola 150 na ada ya tovuti dola 130, pamoja na kodi ya asilimia 13.5, ni dola 1,282.55, gari la watu wanane, petroli na maegesho ya bustani yakichukua dola 635, jumla ni dola 1,917.55. Tofauti ni dola 388.95, na jiko bado halijahesabiwa.

Hatua ya nane: angalia njia za kati

Kuna hoteli ambazo si za Disney lakini wageni wake hupewa zile dakika 30 za mapema, zikiwemo Swan na Dolphin na baadhi ya hoteli zilizo karibu na Disney Springs, eneo la maduka na migahawa. Hizi huwa na ada zake za usiku na za maegesho, hivyo zirudishe kwenye hatua ya tatu. Ikiwa mmoja wenu yumo katika jeshi la Marekani, au amestaafu kutoka humo, tazama Shades of Green, hoteli ya jeshi iliyo ndani ya eneo la Disney.

Wapo pia wanachama wa mpango wa umiliki wa pamoja wa Disney ambao hukodisha alama zao za kulipia malazi, na kwa njia hiyo mtu hupata chumba chenye jiko katika hoteli ya ngazi ya juu kwa bei ya chini kuliko ile ya kawaida. Tatizo ni kwamba fedha hizo kwa kawaida hazirudishwi safari ikivunjika. Anayesubiri viza asiiguse njia hii.

Najua wengi wetu huvutwa na Animal Kingdom Lodge, iliyofunguliwa 2001, yenye majengo yaitwayo Jambo House na Kidani Village, na vyumba vinavyotazama twiga na pundamilia wakila majani. Ni hoteli ya ngazi ya juu na bei yake ni ya ngazi hiyo. Asiye na fedha za kulala hapo anaweza kuweka nafasi ya chakula katika mgahawa wa Sanaa, ambao madirisha yake yanatazama mbuga hiyo hiyo, akawaonyesha watoto wanyama kwa bei ya mlo mmoja.

Ikiwa unakwenda bustani nyingine

Kwa Universal Orlando hesabu hubadilika, kwa sababu hoteli tatu, yaani Portofino Bay, Hard Rock Hotel na Royal Pacific, hujumuisha pasi ya kuruka foleni kwa kila aliye chumbani katika bustani za Universal Studios Florida na Islands of Adventure. Pasi hiyo hutumika tangu siku ya kufika hadi siku ya kuondoka, hivyo usiku mmoja huleta siku mbili. Linganisha bei ya chumba na bei ya kununua pasi hizo kwa watu wote. Familia ya watu 4 mara nyingi hukuta chumba ni nafuu. Epic Universe, bustani nyingine ya Universal iliyofunguliwa Mei 2025, haimo katika faida hiyo.

Disneyland ya California ina hoteli chache tu za ndani, na baadhi ya hoteli za Harbor Boulevard ziko karibu na lango kuliko Disneyland Hotel yenyewe, kwa hiyo sababu ya usafiri karibu inatoweka. Kwa Disneyland Paris, hoteli za Disney kwa kawaida huuzwa pamoja na tiketi, hivyo ongeza bei ya tiketi upande wa nje kabla ya kulinganisha, na uangalie hoteli za Val d'Europe, kituo kimoja tu cha treni ya RER A kabla ya bustani.

Hatua ya mwisho: weka nafasi unayoweza kuifuta

Chumba cha Disney kilichowekwa peke yake, bila tiketi, huhitaji malipo ya awali ya usiku mmoja, na hurudishwa chote ukighairi siku chache kabla. Kifurushi cha chumba na tiketi huhitaji kughairiwa siku 30 kabla au zaidi. Hoteli nyingi za nje zina bei mbili, ya kurudishiwa na isiyorudishwa. Chagua ya kurudishiwa, weka nafasi mapema, kisha rudia jumla zako mbili kila Disney inapotoa punguzo la vyumba, kwa kuwa punguzo la asilimia 20 juu ya dola 950 katika mfano wetu lingeshusha jumla ya ndani hadi dola 952.60, na upande ulioshindwa mwezi uliopita ungekuwa umeshinda.